Alhamdu ya Jirani

Jirani yangu alikuwa anakosea Alhamdu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza nililolijua kumhusu, na kwa miaka mingi ndilo nililolishikilia.

Ilikuwa Idi yetu ya kwanza tangu tuhamie Boko. Tuliswali kwenye kiwanja cha mpira, wanawake nyuma ya turubai la bluu, na yeye akasimama bega kwa bega na mie. Hakuwa mtu wa kusoma kimoyomoyo. Alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika safu mbili. Herufi zote zinazotoka kooni alizipitisha kwenye ncha ya ulimi, nyepesi, kama mtu anayeita watoto waje kula. Nikawa nahesabu. Hii imemponyoka. Na hii. Na hii. Nilipofika ya saba nikasikia anavuta kamasi. Niligeuza jicho pembeni, jambo lisilofaa ndani ya swala, nikamwona analia. Machozi yalishuka mpaka kidevuni na wala hakuyafuta, kama mtu anayenyeshewa na hana haraka ya kufika kwake.

Mie nimesoma chuo cha dini miaka minne. Nafundisha darsa ya akina mama kila Jumamosi baada ya Alasiri, barazani kwangu, na wananiita Ustadha. Sijawahi kulia ndani ya swala. Nimejaribu. Kuna siku nilifikiria kwa makusudi msiba wa baba yangu ili chozi lije, na likaja, lakini lilikuwa la baba.

Wivu wangu kwa yule mama ulianza asubuhi ile, kabla sijajua hata sauti yake ya kawaida ikoje.

Mtaa mzima ulimwita Jirani. Watoto walimwita Bibi Jirani. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi na tano, mrefu, mabega mapana, sauti nene ya kuita mtu ng'ambo ya barabara bila simu. Alivaa madera yaliyopauka na kandambili za kiume. Alibisha hodi akiwa tayari ameshaingia. Ukimwambia shikamoo alijibu marahaba huku anafunua sufuria yako aone umepika nini.

Nilijifariji kwamba ni mtu wa machozi ya karibu tu. Alilia kwenye tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa Kiswahili, tena kwa sauti, akimtukana mama mkwe wa kwenye televisheni. Kwa hiyo, nilijiambia, hata yale ya Idi yalikuwa hivyohivyo. Halafu nikaja kugundua kwamba misibani halii. Misibani alikuwa anapanga viti, anaosha vyombo, anamshika mfiwa kiwiko anapoinuka kwenda chooni. Faraja yangu ikaishia hapo.

Alikuwa na neno lake moja: "Mwache akae kwanza." Mtu akija mbio na habari ya fulani kuacha ndoa yake, au fulani kuonekana baa, Jirani alisema mwache akae kwanza. Akifika mwenyewe mhusika, alimsogezea kigoda na maji. Maswali yalikuja baadaye, na mara nyingine hayakuja kabisa. Mie nimefundishwa kwamba kumkataza mtu ubaya ni wajibu. Jirani hakupinga. Alisema tu kwamba mtu aliyesimama hasikii.

Kwenye darsa alikaa nyuma kabisa, akaegemeza kichwa ukutani, akasinzia. Aliamka kwenye dua, akasema "Amin" ya kuwashtua wenzake. Nikishafunga kitabu, akina mama walinyanyuka, wakanishika mkono kwa heshima, wakavuka njia wakaenda kwake. Niliwaona kupitia dirisha la jikoni. Nilijua sandali za kila mmoja, nikawa nazihesabu mlangoni kwake. Kwangu waliuliza kama rangi ya kucha inazuia udhu. Kwake walisema kilichokuwa kinawaliza. Kuna mmoja niliyemfundisha hukumu zote za talaka, na nikaja kujua baada ya miaka miwili kwamba wakati ule alikuwa anapigwa kila wiki. Jirani alijua tangu mwanzo. Ndiye aliyempa chumba siku alipoondoka.

Jambo la Mama Neema liliniuma kwa namna yake. Huyu alikuwa jirani wetu wa nyumba ya kona, Mkristo, mwalimu wa shule ya msingi aliyetoka Mbeya. Mume wake aliugua muda mrefu. Kila asubuhi Jirani alipita kumsalimia mgonjwa na kila asubuhi alimwambia, "Leo macho yako mazuri." Macho yalikuwa ya njano kama kiini cha yai. Siku moja nilikuwepo, na tulipotoka nikamwambia:

"Jirani, ule si uongo?"

"Ni uongo, Ustadha. Malaika wa kushoto ameshauandika." Akafunga kanga yake vizuri kiunoni. "Na mzee kala uji vijiko sita."

Mzee alipofariki ilikuwa Jumamosi, na akina mama walikuwa barazani kwangu. Mmoja akauliza kama inafaa Muislamu kwenda kwenye mazishi ya kanisani. Lilikuwa swali zuri na nilikuwa na jibu zuri. Nikaeleza kauli za wanazuoni, nani kasema hivi na nani kasema vile, kwenda kwenye ibada ni nini na kutoa pole ni nini. Katikati ya maelezo Jirani akasimama.

"Samahani, Ustadha. Nyie mkimaliza mtanikuta kwa Mama Neema. Kule hamna maji, na watu wanazidi kuja."

Aliondoka na ndoo yangu mwenyewe. Nilimaliza jibu langu, na lilikuwa sahihi, na lilihitimisha kwamba kutoa pole kunafaa. Tulipofika kwa Mama Neema, Jirani alikuwa ameshajaza mapipa mawili. Mama Neema alikuwa amelala na kichwa mapajani kwake. Mie nilimpa pole kwa maneno mazuri. Akanijibu, "Asante, Ustadha," kama mtu anayepokea barua ya ofisi.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Nilikusanya makosa yake kwa bidii na ninayo. Alfajiri ilimpita mara nyingi, akaswali jua limeshachomoza huku anajicheka. Aliahidi watu watatu mambo matatu kwa saa moja. Na alikuwa na mdogo wake wa kike anayeishi Temeke, ambaye hakuwa ameongea naye kwa miaka. Kisa, yule mdogo hakuja kumuuguza mama yao. Alikuja siku ya maziko, amejipaka wanja. Siku moja binti wa yule mdogo alikuja Boko kumweleza kwamba mama yake amelazwa, anamuulizia. Mie nilikuwepo. Jirani alikuwa anakata mchicha. Alisema, "Nimesikia," akaendelea kukata. Binti alisubiri, akalia, akaondoka. Jirani, aliyekuwa anapanda magari mawili kwenda hospitali ya Mwananyamala kumtazama mtu aliyekutana naye sokoni, hakwenda Temeke.

Mie nilifurahi. Nilirudi nyumbani na moyo mwepesi. Nilijiambia, naye ana jiwe kifuani, na jiwe lake ni la ndugu wa tumbo moja.

Sasa nimseme Salma, binti yangu. Baba yake anafanya kazi Mtwara, anarudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo kwa siku nyingi tulikuwa wawili tu ndani. Alikuwa kidato cha tano, mpole, anainuka adhana ikilia bila kuambiwa. Nilijivunia. Mchana mmoja nilivuka kwa Jirani kuazima chekecheo. Nilimkuta Jirani anaswali, na Salma amekaa pembeni ya mkeka, kichwa kwenye magoti, haswali. Amekaa tu, kama mtu aliye kando ya moto.

Nyumbani nikamuuliza. Hakukwepa.

"Mama, mie siswali. Nainama tu. Tangu likizo ya mwezi wa sita. Nikisema Allahu Akbar nasikia kama naongea na ukuta."

"Na hukuniambia?"

"Ungeniletea kitabu."

"Jirani ndiyo ukamwambia?"

"Ndiyo."

"Akakujibu nini?"

"Alisema hajui la kunijibu. Akasema nije tu nikae wakati yeye anaswali, nisiwe peke yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba naujua huo ukuta. Naujua zaidi yake, nina miaka ishirini naongea nao kwa Kiarabu fasaha. Lingekuwa neno moja tu na pengine mambo yote yangekwenda njia nyingine. Sikulisema. Nilichowaza ni kwamba mwanangu ana ugonjwa wangu mwenyewe na ameupeleka nyumba ya pili.

Nikavuka njia.

"Jirani, ulijua habari za Salma?"

"Nilijua."

"Ukanifichia mtoto wangu?"

"Sikumficha, Ustadha. Alikuwa anakuja mchana kweupe na mlango uko wazi." Kisha akaongeza, taratibu, "Anakuogopa. Nenda naye polepole."

Kuambiwa jinsi ya kwenda na mtoto niliyemzaa, na mtu asiyejua kutamka jina la sura!

Jumamosi iliyofuata akina mama walikuwa kama ishirini. Nikasema leo hatufungui kitabu, leo tutasahihishana Alhamdu, na tuanze na Jirani. Alicheka.

"Ah, Ustadha, mie ndiyo wa kuanza naye?"

"Wewe ndiyo mkubwa wetu."

Akasogea mbele. Akauweka sawa mtandio, akaanza, na sauti yake ile nene ikawa ndogo. Nikamsimamisha kwenye neno la kwanza. "Herufi hiyo inatoka katikati ya koo. Rudia." Akarudia. "Hapana. Rudia." Nilikuwa nimeinua kidole, nakumbuka, kama ninavyowafanyia watoto. Alirudia na kurudia. Jasho likamtoka puani. Mama mmoja akasema kwa upole, "Ustadha, labda na sisi wengine," nikamnyamazisha kwa jicho. Jirani alipofika neno la mwisho, lile lenye herufi inayowashinda hata wengi waliosoma, alilitamka kama alivyolitamka maisha yake yote. Nikafunga mikono.

"Miaka yote hii, Jirani. Swala za namna hii, Mungu ndiye ajuaye ziko wapi."

Akina mama waliangalia mkeka.

Wanazuoni wamemsamehe asiyeweza. Ulimi mzito, umri, lugha, yote hayo wameyaandika, na ukurasa wake naujua kama kiganja changu. Ukurasa huo sikuusoma siku ile.

"Ahsante kwa kunifundisha," alisema. Akarudi nyuma. Hakusinzia. Kwenye dua sikusikia Amin yake.

Nimefundisha mara nyingi tofauti ya wivu wa aina mbili. Kuna kutamani na wewe upate alichonacho mwenzio, na hilo halina ubaya. Na kuna kutamani kimtoke. Huo ndio husuda, na naueleza vizuri, kwa mifano.

Haikuchukua muda mrefu akahama. Mwanawe alikuwa anajenga Bunju, nyumba ikafika mahali pa kukalika, akaenda. Aliaga nyumba kwa nyumba. Kwangu alituma salamu kupitia kwa Salma. Nilidhani akiondoka, zile sandali zitaanza kubaki mlangoni kwangu. Hazikubaki. Darsa ilipungua, mmoja anaumwa, mwingine ana shughuli. Salma naye aliacha kuinama hata kwa kudanganya. Alikula, aliosha vyombo, alijibu ndiyo na hapana. Nilipojaribu kuanza habari yoyote, alitoa shikamoo akaingia chumbani.

Aliyenifungua macho ni Mama Neema. Tulikutana gengeni, karibu mwaka umepita.

"Ustadha, nilikwenda kumwona Jirani. Mwenzetu hayuko sawa."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ila kusali kwake. Anakaa kwenye mkeka muda mrefu, anaanza, anaacha, anaanza. Nilimsubiri mpaka nikaona aibu kuwepo." Alinitazama kwa macho ya mtu anayeomba asichokielewa. "Mie si wa dini yenu, sijui. Lakini mumsaidie. Yule kusali ndiyo kulikuwa kupumua kwake."

Nilisahau nilichofuata gengeni. Nilisimama na nyanya mkononi. Kilichokuwa chake, nilichokitamani tangu ile Idi, kimemtoka. Na kwangu hakikuja.

Jumatatu nikaenda Bunju. Nyumba ni ya matofali yasiyopigwa lipu, ua wa mchanga, muhogo umepandwa mpaka kwenye ukuta. Nilimkuta kwenye mkeka kivulini anachambua mchele. Amepungua mabega.

"Shikamoo, Jirani."

"Marahaba. Karibu. Maji siwezi kunywa nawe, nimefunga. Yako kwenye ndoo."

"Unafunga Jumatatu?"

"Na Alhamisi. Kufunga hakuna herufi."

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nikayasema bila mpango.

"Nimekuja kukuomba radhi kwa ile Alhamdu."

Alitoa jiwe kwenye mchele, akalirusha. "Ulimi unakwama, Ustadha. Nikifika pale pa koo nakuona umekaa mbele yangu na kidole. Naanza upya. Naanza upya. Kuna siku Adhuhuri inanikutanisha na Alasiri niko hapohapo."

"Swala zako zilikuwa sahihi. Zote. Asiyeweza amesamehewa, imeandikwa. Nilijua siku ileile."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Nilikuonea wivu." Nikamweleza yote, kuanzia turubai la bluu mpaka Salma. Nikamwambia nisilowahi kumwambia mtu, wala mume wangu. "Mie sisikii kitu, Jirani. Miaka yote. Nasoma vizuri na sisikii kitu."

Niliujua mkono wake. Nilikuwa nimeuona ukishuka kwenye mabega ya mtaa mzima. Nilisubiri ushuke kwangu. Haukushuka.

"Kumbe ulijua," alisema tena, kwa sauti ya chini. "Mie nilidhani umenirekebisha kwa kuwa dini ndivyo ilivyo. Hilo nilishalimeza, lilikuwa chungu lakini lilipita. Sasa umeniletea jingine."

"Nisamehe."

"Sijakusamehe."

"Jirani..."

"Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa nakuongopea. Nawaongopea wagonjwa, wewe huumwi." Akavuta ungo karibu. "Kinyongo nakijua, Ustadha. Mdogo wangu nilikaa na chake mpaka akafa mwezi wa tatu, nikamkuta ameshafungwa sanda. Sitaki kukaa na chako. Lakini hakitoki kwa kuambiwa. Niache nihangaike nacho."

Adhana ya Adhuhuri ikalia. Aliinuka kwa kushika ukuta. Nikainuka pia, nikidhani tutaswali pamoja.

"Hapana," akasema. "Usisimame karibu yangu. Nitakusikia."

Aliingia ndani. Mie nikaswali uani, nikamaliza, nikakaa. Jua likasogeza kivuli kutoka kwenye mkeka. Ndani palikuwa kimya, kisha mnong'ono, kisha kimya, kisha mnong'ono uleule tangu mwanzo. Nilikuwa najua herufi anayokwama. Ningeweza kumtamkia kupitia dirisha. Nilibana midomo kwa meno. Nikajikuta naomba, kwa Kiswahili tu, bila mpangilio, bila hata kuinua mikono: mpe. Mpe yeye. Sikuomba changu.

Alipotoka uso wake ulikuwa umelowa, sijui kwa udhu, sijui kwa nini. Sikuwa na haki ya kuuliza.

"Salma hajambo?"

"Hajambo. Hasemi na mie."

"Mlete."

Nilihisi ule mchomo wa siku zote, mahali palepale chini ya titi. Nilikuwa nimefika kwa machozi na toba, na bado uliwaka kama mshumaa mpya. Anamtaka mwanangu, na mwanangu atamtaka yeye.

"Nitamleta Jumamosi," nikasema.

"Jumamosi si una darsa?"

"Nitawaambia wasije."

Alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye mchele wake. Hakunisindikiza.

Sijafika barabara ya Bagamoyo nikampigia Salma. Alikuwa amezoea kutopokea simu zangu, lakini akapokea.

"Mama?"

"Nimetoka kwa Jirani. Niko Bunju."

Akauliza anaendeleaje. Anakula? Nani anamchotea maji? Mguu bado unamsumbua? Nilijibu moja baada ya jingine. Yalikuwa maneno mengi kuliko tuliyosema tangu Jirani ahame, na hakuna hata moja lililonihusu.

"Kakuambia nini?" akauliza mwisho.

"Kasema hajanisamehe."

"Umemwomba msamaha?"

"Nimemwomba."

"Mama, subiri hapohapo. Nakuja."

Nilijua haji kwa ajili yangu. Nilimsubiri.